Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Majibu ya Mama Yako

Pangani

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Goti la mkaza-mjomba wako limepata nafuu, na binamu yako amejifungua salama mtoto wa kike. Lakini si habari hizo zilizonishikisha kalamu.

Nimearifiwa, na aliyeniarifu nimemwamini kwa kuwa hana tabia ya kutia chumvi, kwamba tangu mama yako apigwe picha za CT scan ya kifua umekuwa mtu wa kukesha sebuleni na simu mkononi. Kwamba kijana mmoja wa chumba cha mashine amekudokeza kuwa kuna kivuli katika pafu la kulia. Na kwamba umewakusanya ndugu zako ukawaapisha kuwa majibu yatakapotoka yatapokewa na wewe peke yako, na mama yako ataambiwa ni kikohozi cha baridi kilichochelewa kupona. Hofu yako sikulaumu kwayo, maana mtoto asiyefadhaika juu ya mama yake ana kasoro. Lakini hilo la kumficha limeniondolea usingizi kuliko hicho kivuli chenyewe.

Mimi, kama ujuavyo, kabla ya kurudi huku kulima, nilitumika katika chumba cha giza cha hospitali ya Bombo, Tanga, zama ambazo picha ya eksirei ilikuwa filamu ya kubanwa pembe nne katika fremu ya chuma, ikatumbukizwa dawani chini ya taa nyekundu mpaka mapafu yakapiga weusi na mbavu zikabaki nyeupe, kisha ikaoshwa kwa maji yatiririkayo na kutundikwa ikauke. Jamaa za wagonjwa walikuwa wakinivizia mlangoni, mikono yangu ingali inanuka siki ya dawa, wakiniuliza nimeona nini, nami nikiwajibu kwamba mwoshaji si msomaji. Na katika utumishi wangu wote pale hakuna aliyepata kuondoka na neno kutoka kinywani mwangu. Huyo kijana wako naye alistahili kukujibu vivyo hivyo. Mashine za leo hukipiga kifua mamia ya picha, kila moja ya kipande chembamba, na daktari bingwa wa mionzi hana budi kuzipitia moja moja, na kuzilinganisha na za zamani kama zipo, ndipo aandike. Na hata akisha kuandika, aghalabu yeye hutaja umbo la kitu, ukubwa wake na mahali kilipo, na jina la ugonjwa likangoja kinyama kidogo kitolewe kikatazamwe kwa hadubini. Kovu la zamani hutoa kivuli, usaha hutoa kivuli, kifua kikuu hutoa kivuli, na saratani nayo hutoa kivuli. Wewe umekwisha kuchagua moja katika hizo nne, tena ile iliyo mbaya.

Na zaidi ya hayo, kuna jambo la kifua cha mama yako, la mwaka 1973, kabla hujazaliwa, ambalo daktari anapaswa kulijua kabla hajakata shauri. Mimi nalijua, kwa kuwa filamu yake niliiosha kwa mikono yangu, lakini si langu kulisema. Ni lake, na wazee wetu walikuwa na sababu zao za kutolitangaza wakati ule posa zilipokuwa zikibisha hodi. Muulize, umtake amweleze daktari mwenyewe. Je, utamuulizaje, nawe umeapa asijue kwamba kuna la kuulizwa?

Sikiliza yaliyompata babu yako, maana nyinyi mmesimuliwa kifo chake na hamkusimuliwa yaliyofuata. Mwaka 1984 alianza kushindwa kumeza. Akapelekwa hospitali, na tabibu akamwita kando kaka yetu mkubwa, Mungu amrehemu, akamwambia jina la ugonjwa. Kaka alirudi nyumbani na shauri amekwisha kulikata: mzee aambiwe ni vidonda vya koo. Mimi nilipinga, nikajibiwa kwamba mdogo hana neno mbele ya mkubwa na kwamba kuosha picha hakukunifanya mganga. Basi tukaishi katika hadaa ile. Mzee akawa anasema kwamba akipona atavuka Pemba akamalize mambo yake na watu, nasi tukimwitikia inshallah huku macho yetu yakikimbilia darini. Naye, nahodha aliyezoea kuzijua pepo kabla hazijavuma, bila shaka alituona wazi, ila alistahi kutuaibisha. Siku aliyopata hakika, kwa mhudumu aliyeropoka akidhani mgonjwa anajua, ulimi wake ulikuwa umekwisha kuwa mzito. Alinyoosha kidole kuelekea sanduku la njumu, akatamka nusu ya jina, na nusu ya pili hatukuisikia kamwe.

Baada ya arobaini kaka alilifungua sanduku mbele ya jamaa. Mlikuwa na kitambaa cha bafta, na ndani ya kitambaa bangili sita za dhahabu, moja yake imeungwa na sonara. Nilisema kuwa ile ni amana ya mtu, kwa sababu mama yetu hakupata kuvaa dhahabu ya uzito ule. Kaka akasema ni mali ya marehemu, akaziuza, akagawa mirathi. Fungu langu sikulipokea, na mama yako ni shahidi. Mwaka uliofuata akashuka bandarini bibi mmoja mtu mzima kutoka Pemba, akataja idadi, akataja kitambaa, akaitaja na ile bangili iliyoungwa na jinsi ilivyokatika. Tungalimwambia nini? Haki ilikuwa yake, na fedha zilikuwa zimekwisha kuliwa; ndipo likauzwa shamba la minazi la Mwera, lile uonalo uzio wake kila ujapo likizo, ukauliza kwa nini watu wa Pangani tunanunua nazi sokoni. Shamba lile lilichukuliwa na vidonda vya koo ambavyo havikuwako.

Mama yako hana sanduku la njumu, lakini ni kijumbe wa upatu wa mtaa mzima, na daftari lake husomwa na yeye peke yake. Ana mtu waliyekasirikiana naye tangu arusi ya dada yako, ambaye nafsi ya mama yako itataka kumwomba radhi. Ana theluthi ya mali yake ambayo sheria imemwachia aiusie. Yote hayo yanahitaji mtu mwenye akili timamu na habari sahihi. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua walimkusudia mgonjwa. Hawakudhani itafika zama mgonjwa atafichwa maradhi yake na watoto aliowazaa.

Sisemi umrushie habari sebuleni mbele ya wageni. Muulize mapema, kwa upole, mkiwa wawili: yakitoka majibu ungependa uambiwe wewe, au niambiwe mimi? Akisema hataki kujua, hiyo nayo ni haki yake, nasi sote tutanyamaza, lakini aulizwe. Na endapo njia itawaelekeza Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, usilitaje jina hilo kwa kunong'ona. Jengo lile la Wajerumani kando ya bahari limeogopwa kwa kuwa wengi hufika huko ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, na mmoja wa mizizi ya ucheleweshaji huo ni hii desturi yetu ya kufichana.

Mengine ni mafupi. Picha zake usizisambaze kwa simu. Dawa zake za presha zisikatike kwa sababu ya fadhaa yenu. Usiuze kitu chochote kabla daktari hajasema. Dada yako asisafiri na basi la usiku. Nawe ulale, mwuguzaji asiyelala humpa mgonjwa kazi ya pili.

Siku ya majibu ikifika, ingia naye kwa daktari, kiti cha karibu na meza kiwe chake, na daktari azungumze naye, wewe ukiwa msikilizaji. Mimi nitakuwa nimekwisha kufika, maana nauli ninayo, usinitumie fedha. Sitaingia ndani isipokuwa aniite mwenyewe.

Mola ampe shifaa, nawe akupe subira na ushujaa wa kusema kweli.

Wasalaam,

Mimi mjomba wako