Mchezo na Moyo wa Mtoto

Kazi yangu ni maneno. Kwa miaka mingi nimefundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na mara nyingi nimewaeleza wanafunzi wangu tofauti iliyopo baina ya huzuni na simanzi, baina ya hasira na hamaki, baina ya ghadhabu, ambayo huwaka ikazimika, na kinyongo, ambacho hukaa. Nathubutu kusema kwamba somo hilo nalijua. Walakini mwaka 2019 palikuwa na mtu mmoja nyumbani mwangu aliyehitaji neno moja tu katika hayo, nami sikuweza kumpatia. Alikuwa binti yangu, mwenye umri wa miaka mitano.

Mama yangu alikuja kwetu Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2018 kwa ajili ya matibabu, akakaa nasi miezi mitano. Alilala chumba kimoja na mjukuu wake, ambaye nilimpa jina lake. Kwa sababu hiyo mimi na dada yangu humwita mtoto huyo "mama", kama ilivyo desturi. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili hali ya mgonjwa ilibadilika. Tulimpeleka hospitali mtoto akiwa usingizini. Hakurudi. Tulimsafirisha mpaka Tanga, tukamzika karibu na wazee wake, na mtoto tulimwacha kwa jirani. Tuliporejea aliuliza bibi yuko wapi. Nilimjibu kwamba bibi amesafiri, amekwenda Tanga.

Kwa nusu yake jibu hilo lilikuwa kweli. Njia ya kutoka Dar es Salaam hata Tanga ni kilomita zipatazo 350, na mama alikuwa ameipita kwa gari. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya kukifunika kifo: mtu hututoka, hututangulia, huitwa, hupumzika. Kwetu watu wazima maneno hayo ni stara, maana twajua kilichofunikwa na twashukuru kwamba kimefunikwa. Mtoto hajui. Yeye huiona nguo tu, akakaa akingoja ifunuliwe.

Binti yangu alingoja. Alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Alimwuma mtoto wa jirani mkononi. Nilipomwuliza ana nini, alisema tumbo linamwuma. Daktari alilitazama tumbo asione kitu. Niliuliza tena na tena, kwa upole na baadaye kwa ukali, "Una nini?" kana kwamba mtu aweza kutoa mfukoni kitu ambacho hajapata kukiona wala kukisikia kikitajwa jina.

Alasiri moja nilimkuta uani amepanga vigoda vinne katika mstari mmoja. Lilikuwa basi. Juu ya vigoda viwili vya nyuma alikuwa amemlaza mwanasesere wake, amemfunika kanga gubigubi, kichwa na miguu. Nilishtuka mno. "Acha mchezo huo," nilimkemea, "unatuchuria!" Nikaviondoa vigoda kwa mikono yangu mwenyewe.

Msomaji aliyelelewa pwani hana haja ya kuelezwa uchuro ni nini. Nasi utotoni tulipigwa kwa kumzika kifaranga kwa heshima zote. Siudharau woga huo. Wazee walioona misiba mingi walikuwa na sababu ya kutopenda kuuona mwingine ukiigizwa mlangoni mwao. Lakini siku ile uchuro ulinisaidia kutotazama. Kama ningalitazama, ningaliona kwamba mtoto niliyemwambia habari ya safari alikwisha kujua abiria alisafiri akiwa katika hali gani. Aliyasikia maneno kwa jirani, ama aliyaona machozi yetu akayajumlisha. Nilichokataza hakikuwa mchezo. Ilikuwa ni habari yake kwangu, nami ndiye niliyekuwa nikiiuliza kila siku.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi, na mpaka leo twalisoma darasani na kulisifu. Hakuna aliyemwambia kwamba anachuria. Mtoto wa miaka mitano hana vina wala mizani. Ana vigoda, mchanga na kanga kuukuu.

Baada ya arubaini dada yangu alikuja kututembelea. Yeye ni mshonaji. Elimu yake iliishia darasa la saba. Siku ya pili basi lilikuwa limepangwa tena uani, kwa siri, nyuma ya pipa la maji. Nilikuwa jikoni na karatasi za mitihani mkononi, nikamwona dada akilikaribia, nikadhani atafanya kama nilivyofanya mimi. Alisimama mahali ambapo pangalikuwa na mlango.

"Kondakta, nauli ya Tanga kiasi gani?"

"Basi limejaa, shangazi."

"Nitasimama. Na abiria huyu aliyelala nyuma, ana nini?"

Mtoto alimtazama mwanasesere kitambo. "Sisemi naye. Nimemnunia."

"Amekukosea nini, mama?"

"Ameondoka mimi nimelala. Hakuniaga."

Karatasi ziliniponyoka. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikitafuta huzuni katika moyo wa mtoto yule, nikimliwaza kwa peremende na hadithi, kumbe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe juu ya mtu ambaye hatukuruhusu mtu yeyote kumsema ila kwa wema. Nani angaliweza kumkasirikia marehemu katika nyumba ile? Dada hakumwambia kwamba si vizuri kumnunia bibi. Alisema tu kwamba hata yeye, siku ile, alifika hospitali amechelewa, na kwamba alikasirika sana. Kisha akauliza kama basi litasimama Segera watu wanunue machungwa. Lilisimama.

Jioni ile tulimwambia kweli, kwa neno lenyewe, kufa, bila ya kulivika nguo. Alilia sana. Halafu akaomba chai.

Baadaye, kama ilivyo tabia ya watu wa kazi yangu, niliviendea vitabu. Mwaka 1920 Sigmund Freud alieleza habari za mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa mjukuu wake, ambaye alikuwa na kigurudumu cha uzi kilichofungwa kamba. Mtoto huyo alikitupa nyuma ya ukingo wa kitanda chake mpaka kikapotea machoni, kisha akakivuta na kukifurahia. Freud aliona kwamba mtoto alikuwa akiucheza uondokaji wa mama yake. Mama huondoka apendapo yeye. Kigurudumu huondoka apendapo mtoto. Na mwaka 1947 Virginia Axline wa Marekani alitoa kitabu juu ya kuwatibu watoto kwa mchezo, ambamo alishikilia kwamba mtoto ndiye aongozaye njia na mtu mzima hufuata nyuma. Dada yangu hajapata kulisikia jina la bibi huyo.

Nakiri kwamba elimu hiyo niliitumia vibaya kwanza. Nilichora nyuso sita juu ya karatasi, yenye furaha, yenye woga, yenye wivu na nyinginezo, na chini ya kila uso nikaandika jina lake kwa hati nzuri. Kila asubuhi nilimwuliza binti yangu leo yeye ni uso upi. Kwa siku nne aliuonyesha ule wenye furaha, kwa sababu aliona kwamba ndio niliotaka. Siku ya tano karatasi ilipotea, nami sikuitafuta. Nilikuwa nimeugeuza mchezo kuwa mtihani, na mtihani mtoto huujibu kwa kumtazama mwalimu.

Kilichofaa kilitoka katika kupikapika. Dada alimletea kutoka Tanga chungu kidogo cha udongo, na wao wawili wakawa wakipika mchanga kila alasiri na kuwalisha wageni. Kiswahili hulitumia neno uchungu kwa ladha ya mwarobaini, kwa maumivu ya mwanamke ajifunguaye, na kwa moyo uliofiwa. Nililifundisha jambo hilo darasani mara nyingi, lakini binti yangu alilivumbua mwenyewe siku aliponikaribisha mchuzi, akaniambia nisiumalize wote, kwa kuwa ni mchungu: ni wa siku aliyoondoka bibi. Nilionja nikakunja uso. Alifurahi mno kuuona uso wangu umekunjamana.

Mwezi wa Agosti nilitakiwa kwenda Unguja katika mkutano wa siku tatu. Safari hii nilimwambia mapema, nikamhesabia siku kwa vidole, nikaahidi kumwamsha nimwage. Alisikiliza, asijibu. Alfajiri ya safari miwani yangu ilikuwa haionekani. Niliitafuta nyumba nzima, na mwishowe nikatoka uani. Alikuwa amekwisha kuamka mwenyewe, amechuchumaa mbele ya chungu chake, anakoroga. Na katikati ya mchanga niliona mkono mmoja wa miwani umejitokeza. Nilimwuliza anapika nini. Alinijibu, bila ya kuinua macho, kwamba ni mchuzi mchungu, na kwamba boti haiondoki mpaka nimalize kula. Nikakaa chini.