Kijaluba cha Fedha na Njia ya Ujiji

Wapo wanaoshangaa kwamba mtu aliyezaliwa Mabamba, jirani na mpaka wa Burundi, anavutiwa na vijaluba vya fedha vya Unguja na Lamu. Huku kwetu Buha sikupata kuona hata kimoja. Marehemu bibi yangu aliweka ugoro wake katika kikopo cha bati. Hata hivyo, nashikilia kwamba vijaluba hivyo vinatuhusu.

Kijaluba ni kisanduku kidogo cha kuwekea tambuu au tumbaku. Uzuri wake si wa kung'aa tu. Sonara hutia nakshi juu ya kifuniko kwa subira, na miaka ya kushikwa huzilainisha nakshi hizo. Tena ni chombo cha adabu: kumfungulia mgeni tambuu ni kumwambia amekaribishwa. Bibi naye alimfungulia mgeni kikopo chake kwa nia hiyo hiyo.

Lakini fedha yenyewe ilitoka wapi? Pwani yetu haina machimbo ya fedha. Katika karne ya 19 masonara wa Unguja na Omani waliyeyusha sarafu, hasa riale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na fedha safi kama asilimia 83. Riale hiyo huonyesha mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Ilikuwa sarafu ya biashara, na biashara kubwa ya Unguja ilikuwa pembe za ndovu, karafuu na watu. Sehemu ya pembe na watu hao ilipita Ujiji, kwenye ziwa letu la Tanganyika, ikateremka kwa miguu hadi Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu.

Waha hawakuwa watazamaji wa njia hiyo. Mwaka 1871 Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya vitambaa na watemi wa Buha mara kwa mara, hata akaamua kutoroka usiku. Yeye aliuona ule kuwa unyang'anyi; mimi nauona kuwa ushuru wa mpakani, uliodaiwa na wenye nchi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Fedha ikishayeyushwa haitoi tena ushahidi. Sarafu ina mwaka na sura. Kijaluba kina maua. Anayekiweka kabatini na kuandika "Unguja, karne ya 19" amesema kweli, lakini amewaacha wapagazi na mateka njiani. Kukipenda kijaluba si dhambi. Kukipenda bila kuuliza ni kukubali kwamba historia ya bara ianzie pale pwani ilipotuhitaji na ikomee hapo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kutoa nje ya nchi, bila kibali, vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ni sheria njema, ila inalinda kitu. Habari zake hazilindwi na kibali. Hiyo ni kazi ya mwalimu darasani, ya mhifadhi anayeandika kibandiko, na ya mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu atakayesimama mbele ya kabati la makumbusho na kuuliza: njia ya kwetu imeandikwa wapi hapa?