Herufi Zilizosokotwa

Shiroishi, kaskazini-mashariki mwa Japani. Baridi ya asubuhi inauma, na mkononi nimewekewa kitambaa ambacho siamini kuwa ni karatasi. Ni chepesi, kinakwaruza kidogo kama kitani, na kimetapakaa vitone vya kijivu. Nikadhani ni uchafu. Kumbe ni wino: kilifumwa kwa kurasa za daftari kuukuu la hesabu.

Wanakiita shifu. Enzi za Edo, 1603 hadi 1868, pamba ilikuwa adimu kwenye baridi ya huku, lakini karatasi ya magome ya kozo, ndugu wa mforosadi, ilikuwapo. Daftari likijaa, halikutupwa.

Fundi ananionyesha. Anaikunja karatasi, anaikata vipande vya milimita 2 au 3 bila kufikisha kisu ukingoni, anailowesha, kisha anaibiringisha juu ya jiwe kwa viganja, taratibu, mpaka kila kipande kijiviringe. Halafu anachana ukingo huku, anaruka, anachana kule, na karatasi nzima inafunguka kuwa utepe mmoja mrefu. Penye maungio anasugua kwa vidole. Kinabaki kifundo kidogo. Ndipo anasokota. Mtande aghalabu ni pamba au hariri, karatasi ndiyo mshindio.

Vidole vile navijua. Bibi yangu kule Pemba alichana ukindu hivyo hivyo, akaulowesha kwanza, maana mkavu hukatika, ndipo akasuka ukili.

Tunapoachana ni kwenye maneno. Kanga yetu huvaliwa ili isomwe. Jina lake likielekezwa kwa jirani, ujumbe umefika. Huku deni la mtu limesokotwa hata halisomeki tena. Shan Goshorn, msanii Mcherokee wa Marekani aliyefariki 2018, alipita katikati: alichapa mikataba na nyaraka juu ya karatasi, akazikata, akasuka vikapu kwa mtindo wa wazee wake. Ukiinama unasoma neno hapa, neno pale. Naona alifanya sawa kabisa. Nyaraka zile zilihusu ardhi na watoto wa watu wake. Kuzifuta kungekuwa dhuluma ya pili. Deni lililokwisha kulipwa, hilo linaweza kupumzika.

Usiku nimeitoa kanga ya bibi begini. Imefuliwa miaka na miaka. Chini ya taa nimesoma herufi tatu. Zilizobaki ni vivuli vya kijivu. Nimeilaza kando ya kipande cha shifu nilichopewa.