Macho ya Mgeni Mbugani

Mwaka jana nilipopata likizo nilikwenda Maasai Mara pamoja na makarani wenzangu wawili na mjomba wangu, mkulima ambaye alikuwa hajapata kukanyaga mbuga ya wanyama.

Asubuhi tuliona chupa ya plastiki majanini. Tulikasirika sana, tukamlaumu mtu tusiyemjua aliyeitupa. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, maana chupa za namna hiyo zimekatazwa katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Basi tukajiona watu wastaarabu.

Baadaye tulimkuta duma jike akinyemelea swala, na watoto wake wawili wamejificha kichakani. Motokaa saba zilikuwa zimekwisha kumzunguka, ingawa sheria ya mahali hapo ni kwamba zisizidi tano, wala zisitoke barabarani. Walakini mimi mwenyewe nilimsihi dereva aache njia nipate picha nzuri. Alisita, kisha akanitii, kwa kuwa mwenye kulipa ni mimi. Swala wakashtuka, wakatimua mbio. Duma akatutazama kitambo, akaondoka bila chakula. Sisi tukafurahia picha zetu.

Mjomba hakufurahi. "Mpwa wangu," akasema, "hebu tazama nyuma." Nikaona majani yamelazwa na magurudumu yetu, na kando yake alama nyingi za waliotutangulia, udongo u mtupu. "Ng'ombe wa jirani wangefanya hivi shambani mwangu, ningempeleka kwa chifu."

Niliporudi nilisoma uchunguzi wa mtaalamu Femke Broekhuis, uliotolewa mwaka 2018, juu ya duma wa huko Mara. Penye watalii wachache, duma jike hukuza kwa wastani watoto 2.3 wa kila uzao mpaka wajitegemee. Penye watalii wengi, 0.2 tu, yaani akizaa mara tano hupona mtoto mmoja. Duma huwinda mchana, saa zile zile tunazotembea sisi. Nikawakumbuka wale wawili kichakani, nikaona haya.

Wasomaji wenzangu, chupa tuliiona upesi kwa sababu ilitupwa na mwingine. Alama za magurudumu hatukuziona, kwa kuwa tulikuwa tumeketi juu yake. Mkienda mbugani, mwacheni dereva abaki barabarani. Na akiwakatalia kutoka, huyo ndiye wa kupewa bahashishi.