Rongai, Nchi ya Upeo Mpana

Rongai tunayoizungumzia hapa si ile Ongata Rongai ya pembezoni mwa Nairobi, mashuhuri kwa matatu zake za kelele. Hii ni Rongai ya Nakuru, nchi ya mahindi na mkonge, magharibi ya mlima Menengai. Tulisali adhuhuri na alasiri mjini Nakuru kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukashika barabara kuu ya Eldoret mpaka Salgaa, ambako malori yaliyopakia shehena katika bandari yetu ya Kilindini hujipanga kando ya njia. Kutoka hapo Rongai si mbali.

Mtu wa Pwani aliyelelewa baina ya vichochoro hustaajabishwa na anga la huko. Jicho halina pa kugota. Ndiyo maana ilituwia vigumu kusadiki kwamba katika uwazi huo waliishi watu waliofungwa barabara, pasi na ukuta wala pingu.

Walowezi wa Kizungu walipogawiwa mashamba ya Bonde la Ufa mwanzoni mwa karne ya 20, walipata ardhi wakakosa mikono. Mwafrika akaruhusiwa kukaa shambani, kulima na kulisha mifugo yake, mradi amfanyie kazi mwenye shamba. Huyo ndiye skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuziongeza, na katika baadhi ya wilaya zikafika 270. Tangu 1919 hivi, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alianza kupewa kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na ujira wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyeondoka kazini bila ya mwajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro, naye hushtakiwa. Kipande cha ardhi hakikuwa chake. Cha shingoni ndicho kilichokuwa chake.

Mzee mmoja aliyetukirimu kwa chai ya maziwa alitupa maelezo ambayo hatukuyatarajia. Babake, alisema, hakuzuiwa na askari. Alizuiwa na mbuzi. Alikuwa nao wengi, na malisho hayakupatikana kwingine. Kuhama kulikuwa sawa na kuwaacha. Basi akavumilia. Kisha, katika miaka ya 1920, walowezi wakaanza kuiondoa mifugo ya maskwota mashambani, operesheni iliyojulikana kama kifagio. Ufugaji wa miaka mingi ulifagiliwa, na aliyekuwa mfugaji akabaki na ujira mdogo tu.

“Sasa si angeweza kuondoka, Mzee?” tukamuuliza.

“Aende wapi, wanangu? Alikotoka ardhi ilikwisha gawanywa bila yeye.”

Kipande kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na uhuru ukaja 1963. Baadhi ya mashamba yalinunuliwa na makundi ya wananchi, yakagawanywa. Mengine, hasa upande wa mkonge, yalibaki mashamba makubwa, na wapo waliozaliwa humo, wakaoa humo, wakazika wazazi wao humo, na hawana hati ya hata kaburi. Mzee wetu ni mmoja wao. Wajukuu wake wanataka kwenda mjini. Yeye hawazuii, ila huwauliza watazikwa wapi.

Alipotusindikiza hadi njiani aligeuza maswali: je, kwetu Mombasa kila mtu ana hati ya alipojenga? Tukatazamana. Tulikuwa wanne garini, na wawili katika sisi nyumba zao ni za “nyumba bila ardhi”: kuta ni zao, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa tangu enzi za mababu. Tukamweleza. Mzee akacheka kidogo, akasema kumbe sisi ni jamaa, na akatutaka tungoje, akaingia ndani, akatutolea debe la mahindi mabichi tuje nalo nyumbani.