Sasa Mtalii ni Wewe

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Mississauga hatujambo, ila magoti yangu na baridi bado hayajapatana. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua sauti ninazokutumia kwenye simu unazisikiliza kwa mwendo wa kasi, na haya sitaki yapite mbio.

Nimefurahi kusikia mnakwenda Grenada likizo ya Machi. Siku tano si nyingi, lakini kwa watoto walioshinda miezi ndani ya makoti zinatosha. Umeniomba maelezo kwa kuwa mimi nilishafika. Mambo ya hoteli na ndege mkeo anayajua kuliko mimi. Langu mimi ni moja: wewe umekulia kwetu Nungwi, Unguja, ukiwatazama watalii. Unajua yupi mlimheshimu na yupi mlimcheka akishawapa kisogo. Unamkumbuka yule aliyepita sokoni kifua wazi, na yule aliyewapiga picha akina mama wakichokoa pweza bila kuomba ruhusa. Sasa mtalii ni wewe, na wenyeji wanakutazama vilevile ulivyokuwa ukitazama.

Anza na salamu. Ukipanda basi (na mpande, hata kama pesa ya teksi mnayo), ukiingia dukani, ukikutana na mzee njiani, msalimie kabla hujatamka jambo jingine. Ukianza na bei utajibiwa, lakini utajibiwa ulivyouliza. Huko Ottawa mmezoea kupanda basi kimya, kila mtu na simu yake. Tabia hiyo iacheni uwanja wa ndege. Mabasi yao ni vipanya vyenye namba, muziki umefunguliwa juu, utingo yuko mlangoni, na ukitaka kushuka unagonga bati. Watoto wako watashangaa kuona baba yao anayajua hayo bila kufundishwa. Kisiwa chenyewe hakifikii robo ya Unguja, lakini mlima wake mkubwa unapita mita 800, na barabara ni kona juu ya kona. Kitindamimba wako anayetapika garini msimpe maziwa asubuhi ya safari.

Nguo ya kuogelea mwisho wake mchangani. Mkiingia mjini St. George's, jisitirini. Na huyo mkubwa wako mwenye kupenda suruali za kombati za mabakamabaka, aziache nyumbani: sheria ya Grenada hairuhusu raia kuvaa nguo za mabaka ya kijeshi, na sidhani kama unataka kuanza likizo kwa kueleweshana na askari.

Mkeo kaniambia mmeona hoteli ambayo kila kitu kimelipiwa ndani, chakula, vinywaji, hata michezo ya watoto. Siwakatazi. Lakini unajua mwenyewe: mgeni akila na kunywa na kulala ndani ya ukuta mmoja, mama anayekaanga samaki nje ya ukuta ule haoni hata senti yake. Angalau milo miwili mitatu nendeni mkale nje. Mkiamua kuchukua nyumba yenye jiko, basi jiko lile lisiwe la mkeo siku zote tano. Wanaume wa ukoo wetu hupenda kusema "tulikwenda kupumzika", na ukiwauliza nani aliosha masufuria, wote wanakohoa.

Chakula chao wenyewe kinaitwa oil down. Ni shelisheli, majani ya majimbi na manjano, vyote vinachemshwa ndani ya tui la nazi mpaka tui linakauka na kubaki mafuta chini ya sufuria. Soma tena, kisha uniambie kama hujasikia njaa. Ila kwa kawaida hutiwa nyama ya chumvi, na mara nyingi ni mkia wa nguruwe, kwa hiyo zungumza na mpishi mapema akupikie ya samaki wa chumvi. Kuuliza si ukorofi. Watoto wako hawajapata kuona shelisheli likining'inia mtini. Waonyeshe, waambie na nyumbani lipo. Na waambie pia lilifikaje Karibea: Waingereza waliileta miche yake kutoka Tahiti kwa meli ya William Bligh, ikafika mwaka 1793, ili wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa. Yule mkubwa ana akili, atakuuliza kama Zanzibar nako kulikuwa na watumwa. Mjibu. Mweleze na mashamba yetu ya mikarafuu yalilimwa na nani.

Kungumanga wameichora mpaka kwenye bendera yao. Nendeni Gouyave, mji wa wavuvi pwani ya magharibi, mkaone wanavyoichambua. Tunda lake ni la manjano. Likiiva hupasuka lenyewe, na ndani unaiona basibasi nyekundu imelishika ganda jeusi kama vidole vya mtoto aliyeng'ang'ania kitu. Basibasi hubanduliwa ikaanikwa peke yake, kokwa nayo hukaushwa kivulini mpaka ukiitikisa inacheza ndani ya ganda. Maganda matupu hayatupwi, humwagwa njiani mahali pa kokoto, ukipita yanalia chini ya viatu.

Ukiona mashamba yamebaki matupu, usimwulize mtu kwa nini hawapandi. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliwapitia kikaezua nyumba nyingi mno na kung'oa sehemu kubwa ya mikungumanga yao, na kabla ya hapo Indonesia peke yake ndiyo iliyokuwa ikiwazidi duniani kwa zao hilo. Mti huo huchukua miaka saba au zaidi kabla haujazaa vizuri. Mkulima mwenye miaka sabini apande amngojee nani? Sisi tusihitaji kuelezwa sana. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na mpaka leo ukitaja karafuu unamtaja Mpemba. Mwezi Machi nyinyi hamna wasiwasi, vimbunga vyao ni Juni hadi Novemba. Lakini wenyeji hawavisahau, hasa wa kisiwa chao kidogo cha Carriacou waliopigwa na Beryl tarehe 1 Julai 2024.

Bahari, usiwaahidi watoto kwamba maji yatapwa wakaokote kaa. Kwetu bamvua huyavuta maji mpaka mtu anatembea kwa miguu hadi kwenye mwamba. Kule hupanda na kushuka kidogo tu, usipoangalia hujui. Ufuko wa Grand Anse maji yake yametulia, waacheni wacheze. Upande wa mashariki ni Atlantiki, mawimbi yana nguvu, huko tazameni tu. Mvua ikiwakuta ufukweni msikimbilie chini ya mti msioujua. Kuna mti unaitwa manchineel, una vitunda vya kijani vinavyofanana na tufaha dogo, ni sumu, na utomvu wake hutoa malengelenge hata ukidondokewa na maji ya mvua yaliyopitia majanini. Pengine huupaka mstari mwekundu shinani, pengine hakuna alama yoyote.

Mtu akikutajia bei, uliza ni dola gani. Yao ni ya Karibea Mashariki, na 2.70 ndiyo moja ya Marekani.

Liko jambo zito kidogo. Kiwanja mtakachoshukia kinaitwa Maurice Bishop. Alikuwa waziri mkuu wao tangu mapinduzi ya 1979, na tarehe 19 Oktoba 1983 askari wa jeshi lake mwenyewe walimpiga risasi yeye na wenzake ndani ya ngome iliyo juu ya mji. Maiti yake haijaonekana. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakatua. Ngome ipo, wageni hupanda kutazama bandari. Dereva wa makamo atakayewapeleka huenda siku ile alikuwa mtoto wa shule, huenda alifiwa, huenda ndugu yake alikuwa upande ule mwingine. Usimwulize kama unavyouliza mvua itanyesha lini. Unawakumbuka wale wageni waliokaa barazani kwetu wakamwuliza babu yako habari za mapinduzi yetu ya 1964, daftari zimefunguliwa? Babu aliwamiminia kahawa, akawasimulia ng'onda wanavyokaushwa, tena kwa kirefu. Huyo dereva akitaka kusema atasema mwenyewe, na akianza, usimkatize ukaleta siasa zetu.

Basi, nisikuchoshe. Tarehe za pasi za watoto zitazame leo, usingoje wiki ya safari. Mimi niletee kungumanga nzima iliyokauka, na basibasi kiasi. Fulana zenye jina la kisiwa ninazo za kutosha.

Nisalimie mkeo, na watoto nibusie.

Shangazi yako