Mdudu Yupi?

Tangu nilipostaafu ualimu wa sekondari, asubuhi zangu nyingi hunikuta nimepiga magoti katika nyasi nyuma ya nyumba yangu hapa Muheza, mkononi kamera yenye lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Mwanzoni majirani walidhani nimepoteza sindano. Sasa wamezoea, hupita na kunisalimu kwa sauti ya chini ili nisimkimbize ninayemvizia.

Upigaji picha wa namna hii una masharti yake. Ukimsogelea mdudu kwa sentimita chache, sehemu inayoonekana kwa uwazi huwa nyembamba mno, pengine haifiki milimita 2: jicho likitulia, mguu hugeuka ukungu. Upepo usiotikisa jani la mgomba huliyumbisha ua kama ngalawa. Ndiyo maana hutoka mapema, umande ungalipo, wakati wadudu wengi wanangoja jua liwapashe miili kabla ya kuruka. Kerengende aliyelowa hukupa nafasi ya kuitazama mishipa ya mbawa zake, mmoja mmoja.

Katika kungoja huko ndipo nilipoanza kuyasikiliza upya majina niliyoyafundisha kwa miaka mingi. Kipepeo, niliwaambia wanafunzi, ni nomino itokanayo na kitenzi kupepea. Tena ndilo jina la kile kifaa cha kupepea moto. Lakini nilipomwona akifunga na kufungua mbawa polepole juu ya ua, magamba yake madogo yamepangana kama makuti ya paa, nilihisi kwamba aliyempa jina hilo alimtazama hivi, akiwa ametua.

Kifauongo ni ajabu zaidi. Ni mmea mfupi wenye ua la nyuzi za rangi ya waridi, ambao majani yake hujikunja ukiyagusa. Ni mdudu pia, yule anayekunja miguu na kujifanya maiti akiguswa. Mwanasayansi hawezi kuwaweka katika ukoo mmoja; lugha imewaunganisha kwa tendo lao. Na mmea huo asili yake ni Marekani ya kitropiki. Ulikuja ukiwa mgeni, watu wakautazama, wakaupatia jina ambalo leo hakuna anayelishuku.

Vunjajungu naye alituogopesha utotoni. Wazee walisema amgusaye atavunja chombo. Katika lenzi namwona amekunja miguu ya mbele yenye miiba, anageuza kichwa, na kitone cheusi ndani ya jicho lake kinaonekana kunifuata kila ninakohamia. Sishangai kwamba mdudu mwenye macho hayo alipewa hadithi.

Nilipomwonyesha mjukuu wangu picha hizo, kila moja aliijibu kwa neno moja: mdudu. Mdudu wa kijani, mdudu mkubwa. Simlaumu, kwani katika mashairi ninayoletewa niyapitie nakuta hali ileile: maua yanachanua, wadudu wanalia. Ua lipi? Mdudu gani? Vunjajungu, kerengende, mbawakawa: kila jina lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane. Lugha imetukatia mbao kwa kipimo, nasi tunajenga kwa vipande vya kuokota.

Kinachonisumbua zaidi ni jalada moja katika kompyuta yangu, nililoliita "Wasio na Majina". Humo yumo mbawakawa mmoja mwenye mgongo unaong'aa kama shaba. Nilimpelekea picha yake mzee mmoja, mgema wa siku nyingi. Akaishika, akaisogeza mbali na macho, akatabasamu kama aliyekutana na rafiki. Kisha tabasamu likapotea. "Jina analo, mwalimu," akasema. "Babu alikuwa akilitaja. Limenitoka."

Sijui kamusi inayoweza kurudisha neno lililomtoka mzee kama huyo. Lakini wengine wangalipo, na maswali hayana gharama. Waulizeni wazee wenu, muyaandike majina kabla hayajawatoka. Na pale ambapo jina halipatikani kabisa, tufanye kama alivyofanya aliyeuita mmea mgeni kifauongo: tuiname, tungoje, tuone kiumbe anafanya nini, ndipo tuseme. Na rafiki akikuletea shairi lenye mdudu, kabla ya kuhesabu mizani, muulize kwa upole: yupi?